Injini Kuukuu ya Lori la Chama: Utunzaji na Matengenezo Yake

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kagongwa)



Katika mali zote za chama cha msingi hakuna inayoonwa na watu wengi kama lori. Ghala hukaa mahali pamoja. Mizani hufungiwa ndani msimu ukiisha. Daftari huonwa na katibu na mkaguzi tu. Lakini lori hupita kila kijiji, na mwanachama hulitambua kwa mlio wake kabla halijatokea kwenye kona. Linapotembea, watu husema chama kinatembea. Linaposimama, watu husema chama kimekufa. Kwa sababu hiyo maelezo ya leo hayahusu bei ya pamba wala bei ya mpunga. Yahusu injini kuukuu ya dizeli: namna ya kuitunza, namna ya kuitengeneza, na namna ambavyo katibu asiye fundi anaweza kuzilinda fedha za wanachama mbele ya fundi.

Kagongwa ni mahali pafaapo kwa mazungumzo haya. Barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama, na kuendelea hadi Rusumo, inapita hapa, na malori mapya ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hayakatiki usiku wala mchana. Lakini pembeni mwa mashine za kukoboa mpunga yamesimama malori ya namna nyingine, yenye umri wa miaka thelathini au arobaini, ambayo bado huingia mbugani na kutoka na magunia. Mengi ya malori hayo yana asili katika historia ya ushirika wenyewe. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunda Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na tangu hapo usafirishaji wa mazao ukawa kazi kubwa ya ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi zake zikahamia kwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Miaka hiyo, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, fedha za kigeni zilikuwa adimu. Hata malori ya Scania yaliyounganishwa katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha, yaliweza kusimama kwa kukosa spea ndogo. Madereva wa wakati ule walijifunza jambo moja ambalo halijapitwa na wakati: injini hutunzwa kabla haijaharibika, kwa kuwa ikiharibika huenda hakuna cha kuitengenezea.

Kisa cha chama kimoja

Kipo chama kimoja cha wakulima wa mpunga na pamba ambacho hakitatajwa jina, kwa kuwa nia ya maelezo haya ni kufundisha wala si kuaibisha. Chama hicho kina lori moja la tani saba, lenye injini ya silinda sita, lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika miaka mingi. Mwezi Juni, mpunga ukiwa umejaa katika vituo vitatu, lori lilianza kukosa nguvu kwenye vilima, kisha likazimika njiani likiwa na magunia sabini. Fundi aliyeitwa aliinua kabini, akasikiliza stata ikizunguka, akatamka neno moja: pampu.

Kamati ilikutana jioni ile ile. Pampu ya nozeli ilifunguliwa, ikapelekwa mjini, ikarudi baada ya siku tisa pamoja na risiti. Fedha zilizolipwa zilikuwa sawa na bei ya magunia thelathini ya mpunga. Lori lilitembea siku nne, likazimika tena. Sasa fundi akasema kwamba pampu imechakaa mno, hapana budi inunuliwe nyingine, na kama fedha hazipo, heri lori liuzwe. Mnunuzi, kwa bahati, alikuwa amekwisha patikana. Wakati huo huo chama kilikodi malori ya watu binafsi, na gharama yake ikakatwa katika malipo ya kila mwanachama. Baadhi ya wanachama walianza kuuza mpunga wao shambani kwa wachuuzi, kwa bei ya kutupa, kwa maana mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kungoja lori. Mkutano mkuu wa dharura ukaitishwa, na ajenda ilikuwa moja: kuuza lori.

Kisa hicho kitamalizwa mwishoni. Kwanza inafaa kila katibu aelewe injini hiyo inahitaji nini.

Namna injini ya dizeli inavyofanya kazi

Mjerumani Rudolf Diesel alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ikafanikiwa katika majaribio mjini Augsburg. Kanuni yake haijabadilika. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huvuta hewa tupu, kisha huigandamiza mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na sita ya nafasi yake ya kwanza. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, na dizeli hiyo huwaka yenyewe.

Basi mahitaji ya injini hii ni machache. Inataka hewa safi, mafuta safi yaliyonyunyizwa vizuri kwa wakati wake, na mgandamizo usiovuja. Juu ya hayo inataka maji ya kuipoza na oili ya kulainisha. Injini isipowaka, au ikikosa nguvu, fundi mwaminifu hutafuta ni lipi kati ya hayo limepungua, akianza na lililo rahisi na lisilo na gharama. Fundi anayeanza na lililo ghali kuliko yote aulizwe maswali.

Mafuta safi

Pampu ya nozeli ndiyo sehemu ya thamani kubwa kuliko zote zilizofungwa nje ya injini, na adui yake mkuu ni uchafu na maji. Ndani yake mna vijiti vya chuma vinavyopanda na kushuka katika kasha lake, na nafasi kati ya kijiti na kasha ni elfu chache za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Tena vijiti hivyo havina oili nyingine ya kuvilainisha isipokuwa dizeli yenyewe. Chembe ya kutu ikipita hapo hukwaruza chuma. Tone la maji likikaa hapo usiku kucha huleta kutu. Pampu iliyokwaruzwa haiponi kwa kuoshwa.

Kwa hiyo taratibu hizi hazina budi kufuatwa. Kwanza, tangi lijazwe jioni, wala si asubuhi. Tangi lililo nusu lina hewa, na hewa hiyo ikipoa usiku hutoa umande unaochuruzika ndani ya mafuta. Pili, asubuhi kabla ya kuwasha, kizibo cha chini cha tangi na kile cha chujio la maji vifunguliwe kidogo, maji na tope vitoke. Maji ni mazito kuliko dizeli, nayo hutua chini lori likilala. Tatu, dizeli inayotoka kwenye pipa ipitishwe katika kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na bomba la kunyonyea lisiguse sakafu ya pipa. Nne, filta za dizeli zibadilishwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na mapema zaidi pale mafuta yanapokuwa mabaya. Filta ya karatasi haioshwi ikarudishwa. Karatasi yake hupasuka pasipo kuonekana.

Tano, dizeli inunuliwe katika kituo kinachojulikana, na risiti itolewe. Wapo wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuugundua udanganyifu huo, lakini mafuta ya chupa na madumu barabarani hayana mdhamini. Mafuta ya taa huwaka, ni kweli, na dereva huenda asitambue lolote siku ile. Lakini ni makavu. Pampu inayolainishwa kwa mafuta ya taa husagika, na faida ya shilingi chache kwa lita hulipwa baadaye kwa bei ya pampu nzima.

Lori likiishiwa mafuta njiani, au filta ikibadilishwa, hewa huingia katika mabomba, na injini haiwaki hata tangi likijazwa. Wengi hapo huimaliza betri kwa stata. Kazi ya kutoa hewa ni ya robo saa tu. Hulegezwa skrubu ndogo iliyo juu ya filta, kisha husukumwa pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu. Skrubu hukazwa dizeli ikiwa bado inatoka. Hurudiwa hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Ikiwa bado injini inakataa, nati za mabomba ya nozeli mbili au tatu hulegezwa, stata huzungushwa mpaka dizeli ichuruzike, kisha hukazwa. Kila dereva wa chama na utingo wake wanapaswa kuijua kazi hii.

Hapa lipo onyo kubwa. Nozeli inapojaribiwa nje ya injini, mtu yeyote asiweke mkono mbele yake. Nozeli nyingi za injini hizi hufunguka kwa nguvu ipatayo kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba. Mnyunyizo huo hupenya ngozi, na dizeli iliyoingia mwilini ni sumu. Aliyepatwa na ajali hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha ni tundu dogo lisilouma.

Hewa na vumbi

Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, barabara zetu za udongo hutoa vumbi jingi. Vumbi hilo ni mchanga uliosagwa, na mchanga ni tupa. Ukipita filta ya hewa huingia katika silinda, ukakwangua kuta zake na ringi za pistoni kila pistoni inapopanda. Injini iliyovuta vumbi msimu mmoja huweza kuzeeka kama iliyofanya kazi miaka mingi.

Malori mengi ya zamani yana kisafishia hewa chenye bakuli la oili. Bakuli hilo lifunguliwe kila wiki wakati wa vumbi, na kila siku lori linapofuatana na mengine. Oili yenye tope imwagwe, bakuli lioshwe, oili mpya ijazwe hadi kwenye alama, wala isipite alama, kwa kuwa injini huweza kuivuta. Yenye filta ya karatasi ikung'utwe taratibu, isipigwe chini, na ibadilishwe ikichoka. Muhimu zaidi, mpira uliopo kati ya kisafishia hewa na injini uchunguzwe. Filta mpya haina faida ikiwa mpira wa nyuma yake umepasuka na kufungwa kwa kipande cha gunia.

Maji ya rejeta

Nyanda hizi ziko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mahali kama hapa maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta, ambacho hubana maji ili yasichemke mapema, si pambo. Kikipotea, kisibadilishwe kwa kopo na kitambaa. Wala kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Madereva wengi wana alama za kuungua usoni kwa kosa hilo.

Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huacha magaga ndani ya injini kama yale ya birika. Palipo na uwezo, dawa ya kuzuia kutu iongezwe kwa kipimo chake. Injini nyingi za malori haya zina slivu zinazoguswa na maji kwa nje, na maji matupu yasiyo na dawa huzitoboa kidogo kidogo mpaka maji yaingie katika oili.

Iko desturi ya kuondoa thamostati kwa kudai kwamba nchi yetu ni ya joto. Desturi hiyo ni mbaya. Injini isiyofikia joto lake haichomi dizeli yote. Mabaki huiosha oili kutoka kwenye kuta za silinda, na ringi huchakaa. Katika baadhi ya injini, thamostati ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka pasipo kupita kwenye rejeta, na joto huzidi badala ya kupungua. Injini inayochemka ina sababu yake: mkanda wa feni umelegea, rejeta imeziba, pampu ya maji inavuja, au gasketi ya hedi imeungua. Sababu itafutwe. Na injini iliyochemka isimwagiwe maji baridi. Dereva asimamishe lori, angoje ipoe, kisha ajaze polepole; hedi iliyopasuka kwa haraka ya dakika kumi huweza kugharimu msimu mzima.

Oili

Oili ipimwe kila asubuhi lori likiwa mahali tambarare na injini haijawashwa. Rangi nyeusi isimtishe mtu. Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi siku chache baada ya kuwekwa, kwa kuwa inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Yanayotisha ni mengine. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Oili iliyoongezeka bila kuongezwa imeingiwa na dizeli au maji. Oili yenye chembe zinazong'aa inaeleza kwamba beringi zinaliwa. Kwa lolote kati ya hayo, injini isiwashwe tena hadi fundi aione.

Oili na filta yake vibadilishwe pamoja, kwa kilometa zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Lori la chama, ambalo huenda mwendo mfupi, husimama mara nyingi na hufanya kazi vumbini, lihesabiwe kwenye kipimo cha kazi ngumu. Kama geji ya kilometa imekufa, zihesabiwe saa za kazi, kama inavyofanywa kwa mitambo ya migodini na kama inavyofaa kwa injini za mashine za mpunga. Kwa malori yenye turbo, injini iachwe iunguruma taratibu dakika mbili au tatu kabla ya kuzimwa, kwani turbo huzunguka kwa kasi kubwa na huungua ikikosa oili ghafla.

Kusoma moshi

Katibu asiye fundi anaweza kuusoma moshi. Moshi mweusi mzito unasema mafuta ni mengi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, nozeli zinachuruzika badala ya kunyunyiza, au lori limebeba kupita kiasi. Moshi wa buluu unasema oili inaungua: ringi, slivu au miongozo ya valvu imechakaa. Moshi mweupe asubuhi, unaotoweka injini ikipata joto, si ajabu kwa injini kuukuu. Lakini ukiendelea mchana kutwa, huenda maji yanaingia katika silinda au dizeli haiwaki yote. Injini inayozunguka vizuri kwa stata lakini haitoi moshi wowote kwenye bomba, basi dizeli haifiki. Hapo pa kuanzia ni tangi, kisha filta, kisha hewa katika mabomba. Pampu huja mwisho.

Matengenezo makubwa

Siku hufika injini inapotaka kufunguliwa yote. Dalili zake ni kuwaka kwa shida asubuhi hata betri ikiwa nzima, kula oili nyingi, moshi wa buluu usiokoma, na mvuke mwingi utokao kwenye kipumulio cha injini. Kabla ya kukubali, kamati idai mgandamizo upimwe silinda kwa silinda, na vipimo viandikwe. Huenda silinda moja tu ina ugonjwa, na dawa ikawa valvu au gasketi ya hedi.

Injini ikifunguliwa, mambo manne yasimamiwe. Krenki ipimwe; ikichongwa hupunguzwa kwa hatua, kwa kawaida robo ya milimita, na beringi ziwe za kipimo hicho hicho. Njia zote za oili katika krenki na bloku zioshwe, kwa sababu vumbi la kuchongea likibaki humo litaua beringi mpya siku ya kwanza. Bolti za hedi zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Valvu zipimwe nafasi kwa kitabu cha injini ile ile, wala si kwa mazoea ya injini nyingine. Baada ya hapo lori lisipewe mzigo kamili kwa kilometa za mwanzo, na oili ya kwanza imwagwe mapema.

Daftari la lori

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Lori liwe na daftari lake, mbali na daftari la fedha. Humo iandikwe tarehe, kilometa au saa, lita za dizeli zilizotiwa, oili iliyoongezwa, na kila spea iliyofungwa. Daftari kama hilo husema kabla ya fundi. Lita zikiongezeka kwa safari ile ile na mzigo ule ule, ama injini inaumwa, ama mafuta yanatembea kwa miguu.

Matengenezo ya thamani kubwa yasilipwe kwa neno la mtu mmoja. Zipatikane hati za bei kutoka kwa mafundi zaidi ya mmoja, malipo yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na stakabadhi iwe na jina la chama na namba ya gari. Spea ya zamani irudishwe ofisini na kuonyeshwa kwa kamati. Spea isiyorudi haijulikani kama ilitoka.

Kutengeneza au kuuza

Lori kuukuu halipaswi kutunzwa kwa mapenzi, wala kuuzwa kwa hasira. Lihesabiwe. Kwa hesabu ya mfano, tuseme kukodi malori msimu mzima kunagharimu magunia 90 ya mpunga. Dizeli, dereva, matairi na bima ya lori la chama ni magunia 45. Kufungua injini yote ni magunia 120, nayo itafanya kazi misimu minne, yaani magunia 30 kwa msimu. Jumla ni 75. Lori litengenezwe. Lakini kama chesisi imeoza na lori halitavuka misimu miwili, injini itagharimu magunia 60 kwa msimu, na jumla itakuwa 105. Hapo liuzwe, kwa mnada wa wazi na kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Hesabu hiyo ni ya ubao mmoja, na kila mwanachama anaweza kuifuata.

Mwisho wa kisa

Katika mkutano ule wa dharura mikono ilikuwa karibu kuinuliwa. Mzee mmoja, mwanachama, ambaye ujanani alikuwa dereva wa malori ya pamba, aliomba nafasi.

"Ndugu Mwenyekiti, nina swali kwa fundi. Tangi lilifunguliwa?"

"Shikamoo mzee. Tangi lina mafuta tele," fundi akajibu.

"Marahaba. Sikuuliza kama lina mafuta, mwanangu. Niliuliza kama lilifunguliwa."

Hakukuwa na jibu. Mkutano ukahamia nje. Mzee aliomba chupa tupu inayoonyesha, akalala chini ya lori na nguo zake za mkutano, akalegeza kizibo cha tangi. Chupa iliyojaa ikawekwa juu ya meza ya katibu, mbele ya watu wote. Baada ya dakika chache yaliyomo yakajitenga: juu dizeli, chini maji, na chini ya maji kutu nyekundu yenye unene wa kidole. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepotea tangu masika, na tundu lake lilizibwa kwa kitambaa. Mvua za Machi na Aprili zilikuwa zimeingia humo moja kwa moja. Pampu ya kwanza iliharibiwa na kutu, ni kweli; lakini baada ya kutengenezwa kwa magunia thelathini ilifungwa tena ili inywe maji yale yale.

Mkutano haukuuza lori. Tangi lilishushwa na kuoshwa, filta zikabadilishwa, na pampu ikatengenezwa mara ya pili, kwa hati za bei tatu. Kamati ilitakiwa kueleza kwa maandishi malipo ya kwanza, na jina la mnunuzi yule likaandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Katibu hakupatikana na hatia ya wizi. Alisema mwenyewe kwamba hakujua la kuuliza, na alisema kweli.

Lakini magunia thelathini hayakurudi. Waliouza mpunga shambani kwa bei ya kutupa hawakurudishiwa tofauti, na baadhi yao msimu uliofuata hawakuleta mazao chamani. Bei ya kifuniko kipya cha tangi haikufika nusu ya gunia.

Ndugu makatibu, mtakaporudi katika vyama vyenu, kesho asubuhi kabla lori halijawashwa, nendeni mkatazame vifuniko: cha tangi, cha rejeta na cha oili. Kisha ombeni daftari la lori. Kama halipo, lifunguliwe siku hiyo hiyo, na mstari wake wa kwanza uandikwe yaliyoonekana.